Ziwa Limekauka: Tutafute Ugonjwa Kabla ya Kuita Katapila

Mwezi wa tisa, ukisimama katikati ya lambo lililokauka Dodoma, unasikia joto likipanda kupitia ndala. Tope limepasuka kiasi kwamba mkono unaingia kwenye nyufa. Kuna mifupa ya kambare, magamba meupe ya konokono, na alama za kwato zilizogandia hapo tangu mwezi wa sita. Pembeni, chini ya mgunga, kamati ya kijiji inakaa kikao chenye ajenda moja: katapila litatoka wapi.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Karibu kila mara katapila linaombwa kabla mtu hajauliza maji yalikwenda wapi. Ziwa, bwawa au lambo hukauka kwa sababu nyingi, na katapila hutibu moja tu kati ya hizo, tena nusu nusu. Hizo nyingine linazizidisha. Kwa hiyo nitaanza na dalili unayoiona kwa macho, halafu turudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Vifaa ni vya nyumbani: fimbo ndefu yenye alama za sentimita, ndoo ya lita 20, beseni mbili, chupa kadhaa za plastiki zinazopitisha mwanga, daftari, na mzee au bibi anayelikumbuka ziwa lilipokuwa na maji. Huyu wa mwisho usimwache nyumbani.

Kwanza: limekufa au limelala?

Chota tope la juu, kina cha vidole vitatu, kutoka sehemu nne au tano za ziwa: katikati, pembeni, na pale mto unapoingilia. Changanya, weka kwenye beseni, mwagia maji ya mvua uliyokinga. Maji ya kisima ya huku kwetu mara nyingi yana chumvi, yataharibu jaribio. Weka beseni mahali penye mwanga lakini si kwenye jua la saa saba. Beseni ya pili weka maji matupu bila tope, iwe ya kulinganisha.

Siku mbili tatu za mwanzo hutaona kitu zaidi ya uchafu unaotulia. Kisha, asubuhi moja, inama uangalie maji kwa pembeni ukiwa umeshika kitu cheupe nyuma yake. Utaona vitone vinavyorukaruka. Hivyo ni viumbe wadogo walioangua kutoka kwenye mayai yaliyokaa kavu miezi, pengine miaka. Baada ya siku kumi unaweza kuona uduvi wadogo wanaoogelea chali, na kando ya beseni majani membamba yanaanza kuchipua. Beseni yenye maji matupu itabaki kimya.

Tope lile ni ghala. Kuna mayai, mbegu, na wakati mwingine wakazi wazima. Kambare hujichimbia kwenye tope lenye unyevu. Vyura wakubwa hujifukia na kusubiri ngurumo ya kwanza. Kobe wa maji hufanya vivyo hivyo. Kuna pia samaki wadogo wa msimu, wa jenasi ya Nothobranchius, ambao maisha yao yote yamepangwa kufuatana na kukauka: wanazaliwa mvua ikinyesha, wanakua kwa wiki chache, wanataga kwenye tope, wanakufa maji yakiisha, na mayai yanasubiri mvua nyingine. Mmoja wao, Nothobranchius neumanni, anatoka hapa hapa kwetu, kwenye mfumo wa mto Bubu. Ukimletea huyu maji ya kudumu yenye samaki wakubwa wa kula wenzao, umemmaliza.

Sasa fikiria katapila linaloingia mwezi wa nane na kukwangua tope lote, futi tatu kwenda chini, na kulipeleka kujazia barabara. Ghala limekwenda na mayai yake.

Beseni ikionyesha uhai, kazi yako ni kurudisha maji na kulinda tope. Isipoonyesha chochote hata baada ya majaribio mawili, basi kuna sumu, au chumvi imezidi, au tope la zamani limefukiwa na mchanga mpya. Katika hali hiyo chimba shimo la mkono mmoja kwenda chini, utafute tope jeusi la zamani, urudie jaribio.

Dalili: linakauka kila mwaka, kisha linajaa tena

Huenda si ugonjwa. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Jua na upepo, kwa upande wao, vinaweza kunyonya karibu mita mbili za maji kwenye eneo lililo wazi katika mwaka huo huo. Piga hesabu mwenyewe: ziwa ambalo mwezi wa tano lina kina cha mita moja ni vigumu kuuona mwezi wa kumi na moja. Hapa hakuna wa kulaumiwa. Ndiyo hali ya nchi kavu.

Ziwa Sulunga, ambalo wengi tunaliita mbuga ya Bahi, ndivyo lilivyo. Mto Bubu unashuka kutoka Kondoa na kumwaga maji pale, na maji hayana pa kutokea. Mwaka wa mvua nzuri unaona mitumbwi, na mwaka mbaya unaona ng'ombe wanavuka kwa miguu. Singida nako, Singidani na Kindai ni maziwa ya chumvi yanayopanda na kushuka, na heroe wanaokuja kule wanafuata hiyo hiyo chumvi na viumbe wadogo wanaoishi ndani yake. Mtu akitaka kuchimba ziwa la chumvi ili "liwe la samaki", mwambie anataka kubomoa jiko la heroe.

Kwa hiyo swali si kama linakauka. Uliza kama linakauka mapema kuliko zamani. Hapo ndipo unamgeukia bibi wako na kumuuliza: wakati unaolewa, maji yalikuwa yanaisha kabla au baada ya kuvuna mtama? Yalikuwa yanafika kwenye mbuyu upi? Majibu ya namna hii ni bora kuliko "zamani kulikuwa na maji mengi", ambayo kila mtu anasema kuhusu kila kitu.

Dalili: maji yanashuka haraka kuliko jua linavyoweza kunywa

Kipimo chake ni rahisi mno, nashangaa hakifundishwi shuleni. Chomeka fimbo yenye alama mahali ambapo maji hayatakauka karibuni. Jaza ndoo kwa maji ya ziwa lile lile, isimamishe ndani ya maji ya kina kifupi ili joto la ndani na la nje lilingane, weka jiwe chini isielee, izungushie miiba mifugo isinywe. Weka alama kwenye ndoo na kwenye fimbo. Subiri siku saba zisizo na mvua.

Ndoo imepoteza maji kwa jua tu. Ziwa limepoteza kwa jua na kwa jambo jingine lolote lililopo. Msimu wa kiangazi ndoo inaweza kushuka milimita tano hadi nane kwa siku, yaani sentimita nne au tano kwa wiki. Fimbo nayo ikionyesha hivyo hivyo, ziwa halivuji, na ukitaka maji yakae zaidi utaongeza kina au kupunguza upepo. Fimbo ikionyesha sentimita kumi au kumi na tano, kuna tundu au kuna mwizi.

Kumjua mwizi, soma fimbo jua likizama na kabla halijachomoza. Usiku jua halipo, maji hushuka kidogo sana. Yakishuka usiku kuliko mchana, kuna pampu ya petroli mahali fulani kwenye matete na bustani ya nyanya nyuma yake. Tulifanya hivi katika lambo moja, na asubuhi ya tatu mwenye pampu alikuja mwenyewe kutusalimia, maana alikuwa ameziona taa zetu.

Tundu hutafutwa upande wa nje wa tuta. Mwezi wa tisa kila kitu ni kahawia, kwa hiyo ukiona mstari wa majani mabichi chini ya tuta, hapo maji yanapita. Angalia rangi yake. Yakitoka maangavu, una muda wa kupanga. Yakitoka na rangi ya udongo, tuta linaliwa kwa ndani. Usisubiri kikao, mpigie mhandisi wa maji wa wilaya siku hiyo hiyo na uwaondoe watu wanaolala chini yake. Mara nyingi chanzo ni shimo la muhanga, kichuguu, au mzizi wa mti uliokatwa ukaoza na kuacha bomba la asili. Ndiyo maana tuta hupandwa nyasi, si miti, hata kama siku ya kupanda miti kitaifa mgeni rasmi anataka kupigwa picha juu yake.

Sasa chanzo ambacho hakisemwi hadharani: katapila lenyewe. Chini ya lambo nyingi za huku kuna tabaka la mfinyanzi linaloshika maji, na chini yake mchanga. Kijiji kimoja nilichokifanyia kazi kilipata msaada wa kuongeza kina. Mkandarasi alilipwa kwa ujazo wa udongo uliotolewa, kwa hiyo alichimba. Mvua ya Januari ikajaza lambo hadi ukingoni, watu wakacheza. Machi mwanzoni lilikuwa tupu, na fimbo ilikuwa imeshuka kiganja kizima kila siku. Alikuwa ametoboa sahani.

Tiba ilitoka zizini. Tulirudisha mfinyanzi kwenye mashimo, tabaka la unene wa kiganja, tukaumwagia maji ukawa tepetepe, kisha tukaingiza ng'ombe wazungukezunguke pale asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Kwato hukandamiza udongo kuliko mashine ndogo za kushindilia, na samadi huziba vitundu. Tabaka la pili, ng'ombe tena. Kabla ya kuchimba chochote, toboa mashimo ya majaribio kwa mkono katika sehemu kumi, uone mfinyanzi unaishia wapi. Siku moja ya jembe na sururu.

Dalili: linajaa kwa mvua moja, linakwisha kwa mwezi mmoja, na katikati ni mchanga

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa Dodoma, na hapa nitakaa.

Hauanzi leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walipima tope katika mabwawa manne ya karibu na Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Baadhi yalionekana yanajaa kwa kasi ambayo umri wake ulihesabika kwa makumi machache tu ya miaka. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ambao wazee wa Kondoa bado wanautaja kwa sauti mbili: moja ya shukrani, moja ya uchungu. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo lililoharibika la Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, makorongo mengi yakatulia. Lakini kuna familia zilizoondoka na ng'ombe wao na hazikurudi. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, ufugaji wa ndani ukaruhusiwa. Nalitaja kwa sababu kila ninapowaambia watu "tibu mlima kabla ya ziwa", mfugaji mmoja hunyoosha mkono na kuuliza kama tunawarudishia 1979. Ni swali la haki, na mpango wako lazima uwe na jibu lake kabla hujafika kwenye kikao.

Kwanza jua tope linatoka wapi. Mvua ya kwanza kubwa, tuma vijana wenye chupa, kila mmoja kwenye mdomo wa korongo lake, wakinge maji ya mafuriko katika muda ule ule. Simamisha chupa kwenye benchi moja bila kuzitikisa. Mchanga hutulia ndani ya dakika moja. Tope la kawaida hutulia kwa saa kadhaa. Mfinyanzi hubaki umeelea siku nzima au zaidi, na maji yanaonekana kama chai ya maziwa. Kesho yake pima unene wa tabaka kwa rula. Korongo lenye tabaka nene ndilo mgonjwa wako wa kwanza, hata kama si lile linaloonekana baya zaidi. Angalia na rangi: wekundu unatoka mlimani, weusi unatoka mbugani, kijivu chenye punje punje kinatoka kwenye mashamba ya kichanga. Nimeona kamati ikigombana miaka miwili kuhusu korongo moja kubwa la kutisha, wakati chupa zilionyesha tope jingi linatoka kwenye mashamba ya uwele yaliyolimwa kuteremka mlima, ambayo kwa macho yalionekana tambarare na hayana neno.

Kisha panda juu. Fuata korongo hadi linapoanzia, kichwani, pale ardhi inapokatika ghafla kama ngazi. Kila mvua ile ngazi inarudi nyuma. Hapo ndipo pa kuanzia: chepusha maji yasianguke pale, weka mawe, panda mkonge au nyasi za mizizi mirefu. Ndani ya korongo weka vizuizi vya mawe vingi vifupi, vya magotini, kuliko kimoja kirefu. Kimoja kirefu kikipasuka kinaachia tope la miaka mitatu kwa usiku mmoja.

Mashambani, matuta ya kukingama na mlima. Kwenye ardhi iliyo wazi, ngumu kama sakafu, chimba makinga maji ya nusu mwezi: shimo upande wa juu, tuta la mviringo upande wa chini. Yale yaliyochimbwa Pembamoto, wilaya ya Kongwa, unaweza kwenda kuyaona kwa macho kabla ya kubishana. Na usinunue miche kabla ya kuangalia visiki. Ardhi ya Dodoma inayoonekana tupu ina mizizi hai chini yake, na kila mwaka inachipua vichaka ambavyo mbuzi anavila au mkulima anavifyeka. Kisiki Hai, njia ambayo shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa limeieneza vijijini mkoani, haina siri: chagua machipukizi machache yenye nguvu, pogoa mengine, funga kitambaa ili kila mtu ajue kisiki hiki kina mwenyewe, kilinde. Mti wenye mizizi ya miaka ishirini hukua haraka kuliko mche uliotoka kwenye kiriba jana, na hauhitaji ndoo ya maji mwezi wa kumi.

Baada ya msimu mmoja au miwili, chupa zikianza kuonyesha tabaka jembamba, sasa zungumza habari ya kuondoa mchanga. Ndiyo, sasa katapila, au vijana wenye majembe na mikokoteni ya punda. Lakini kwa masharti.

Fanya kazi kati ya Septemba na Novemba mwanzoni. Acha theluthi moja ya sakafu bila kuguswa kabisa, hasa sehemu zilizoonyesha uhai kwenye beseni. Kwangua mchanga mpya, simama ukifikia tope jeusi la zamani. Chimba dimbwi moja la kina zaidi ya mita mbili na nusu, mahali ambapo mashimo ya majaribio yalionyesha mfinyanzi mnene, liwe kimbilio la samaki na kobe mwezi wa kumi. Kwingine kote acha kingo zilale, hatua kumi mbele kwa kila hatua moja chini. Lambo lenye kingo wima kama kisima linahifadhi maji, lakini ndege anayetembea kwa miguu hana pa kusimama, majani hayana pa kuota, na ndama akiingia hatoki. Udongo uliotolewa usiuache ukingoni, mvua ya kwanza itaurudisha. Peleka shambani. Kiasi kidogo tengenezea kisiwa, mbali na kufikiwa na mbwa.

Na uchimbe mtego wa mchanga juu ya mdomo wa mto: shimo pana, la kina kifupi, la kusafishwa kila mwaka. Mafundi ujenzi wanautaka ule mchanga. Mkipanga bei na utaratibu vizuri, watausafisha wao na kuwalipa ninyi.

Dalili: mvua imenyesha vizuri, maji hayakufika

Mwaka mmoja tulikuwa tunazungukia ziwa kavu huku mvua ikiwa imezidi wastani. Bibi mmoja alikuwa anachuma mlenda pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnatafuta nini na jua lote hili?"

"Tunatafuta maji yalikopotelea."

Akacheka. "Hili ziwa lilikuwa na milango miwili. Ule wa pili mliufunga wenyewe mlipopitisha barabara."

Tulikwenda kuangalia. Kalavati lilikuwepo, lakini liliwekwa juu kuliko sakafu ya mto. Maji yakifika yanagonga tuta la barabara, yanakosa pa kupita, yanafuata mtaro wa pembeni kilomita nzima hadi bonde jingine. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Kwa hiyo mvua inaponyesha usikae ndani, ingawa najua ni raha. Vaa mabuti, tembea kwenye kidakio kizima, yaani eneo lote linalomwaga maji ziwani, uangalie maji yanapinda wapi. Kalavati, tuta la barabara, mfereji wa mashamba, banio la umwagiliaji, lambo jipya la kijiji cha juu. Bahi wanalima mpunga kwa maji ya Bubu, na kule juu, Chemba, kuna mradi wa bwawa la Farkwa kwa ajili ya maji ya Dodoma. Kila mwenye kuchota ana sababu yake, na wa chini hupata kilichobaki.

Malalamiko ya namna hii yapeleke panapostahili. Mgawanyo wa maji unasimamiwa kwa bonde, si kwa mkoa, na Dodoma imekaa mgongoni mwa mlima wa maji: upande wa Hombolo unaingia mto Kinyasungwe na kwenda mto Wami, hivyo uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu; upande wa Bahi ni Bonde la Kati, ofisi Singida; upande wa Mtera ni Bonde la Rufiji. Nimeona barua nzuri ikizunguka ofisi tatu kwa sababu iliandikwa kwa bonde lisilohusika. Anayechota kwa mfereji au pampu kubwa anapaswa kuwa na kibali cha kutumia maji kwa mujibu wa sheria ya rasilimali za maji ya 2009, na Jumuiya ya Watumia Maji inaweza kuomba kukiona.

Dalili: maji yapo, uhai hakuna

Samaki wanapumulia juu alfajiri, vinywa wazi, na jua likipanda wanatulia. Hewa imeisha majini usiku. Hutokea sana mvua za kwanza zinaposomba samadi ya msimu mzima kuingia ziwani. Sogeza maboma mbali na mito inayoingia, na toa maji ya mifugo kwa bomba chini ya tuta hadi kwenye mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, ng'ombe wasinywe kwa kuingia ndani. Kama bomba haliwezekani, weka njia moja ya kuingilia, yenye mawe, na kwingine kote panda minyaa.

Maji ya kahawia mwaka mzima yanazuia mwanga, majani ya ndani hayaoti, na bila majani vifaranga wa samaki huwa wachache. Kama mlima umetulia na bado ni ya kahawia, angalia kwato na makokoro.

Utando wa kijani wenye harufu ni mbolea na samadi. Mifugo isinywe hapo, unaweza kuwa na sumu.

Samaki wamepandikizwa, wale wa asili wametoweka. Pole. Mtu anapoleta sato kwenye ndoo anadhani anafanya hisani, lakini sato huzaana na perege wa asili, na baada ya miaka huna hiki wala kile. Lambo lililounganika na mto litajipatia samaki lenyewe mafuriko yakija. Likiwa halijaunganika, muulize ofisa uvuvi ni perege gani wa bonde hilo.

Ndege wanakufa kwa makundi: usiwashike kwa mikono mitupu, usiwapeleke jikoni, mwite ofisa mifugo au wa wanyamapori. Maji yanapopungua kuna sumu ya bakteria inayowapooza. Na karibu na mashamba ya mpunga, uliza kama kumenyunyiziwa dawa ya kwelea kwelea wiki hiyo. Dawa ile haichagui, na anayemla kwelea aliyekufa naye anaila.

Dalili: ziwa limerudi, na mashamba yamerudi nalo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Sheria ipo, lakini ukingo wa ziwa linalopanda na kushuka uko wapi? Mwenye dengu yake atakuonyesha maji ya Oktoba, wewe utamwonyesha ya Machi. Weka bikoni mwaka wa maji mengi, mbele ya wazee na wenye mashamba, andika kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Nje ya hapo walime. Ndani ya hapo, tulichokubaliana mahali pamoja ni kukata majani ya mifugo kwa zamu, kwa mkono, baada ya ndege kumaliza kutaga. Wanawake waliokuwa wanalima viazi mle ndani walipewa kipande cha udongo uliotolewa ziwani, na wanasema ni bora kuliko walichoacha. Wengine wawili hawakukubali hadi leo.

Kujua kama inafanya kazi

Wa kwanza kurudi ni kereng'ende, ndani ya wiki. Kisha vyura, ambao hutawauliza maana hutalala. Yangeyange hufuata ng'ombe kwa hiyo usiwahesabu kama ushindi. Bata wa porini na ndege wa miguu mirefu wakianza kulala hapo, ujue kuna chakula. Mdiria akitua kwenye mti ukingoni, kuna samaki wadogo na maji yana mwanga. Furukombe hachelewi kujitangaza.

Hesabu mara mbili kwa mwaka: Januari, wakati ndege wa majini wanapohesabiwa duniani kote na wageni wa kutoka kaskazini bado wapo, na tena mwezi wa sita maji yakiwa yametulia. Watu wale wale, njia ile ile, alfajiri. Kando ya namba za ndege andika kipimo cha fimbo na unene wa tope kwenye chupa za mwaka huo. Daftari likae ofisi ya kijiji, si nyumbani kwa mwenyekiti, maana wenyeviti hubadilika na madaftari hugeuka karatasi za kuwashia moto.